Vanessa Massawe au Judith Massawe? Yaiteni kwanza kwa sauti

Dada, hongera kwa kufika mwezi wa nane salama. Umesema ukoo ni Massawe, baba wa mtoto ni Elia, wewe unapenda Vanessa au Melissa, mama mkwe anataka Judith, na unaogopa jina lisije likagongana na la ukoo. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Mimi naitwa Mashaka Msuya. Mama alilazwa mara tatu akiwa na mimba yangu, nilipozaliwa mzima bibi akanipa jina hilo, na ninalipenda. Tulipopata mtoto wa kwanza mke wangu akasema aitwe Tumaini, tukakubaliana siku hiyohiyo. Tumaini Msuya, jina zuri kabisa. Tulichosahau ni kwamba kwetu mtoto haitwi kwa jina lake na la ukoo tu, katikati yupo baba. Mwalimu akiita mahudhurio huishia majina mawili ya mwanzo: "Tumaini Mashaka!" Darasa likawa linacheka kila asubuhi. Akiwa la pili alirudi nyumbani akaniuliza, "Baba, kwa nini tumaini langu lina mashaka?" Nilikosa la kumjibu, nikampakata tu.

Majina yetu mengi ni maneno yenye maana, na maneno yakikaa jirani yanakuwa sentensi. Neema Shida, Furaha Masumbuko, Amani Vita: kila moja peke yake halina ubaya, tatizo ni ujirani. Kwa familia nyingi za pwani jina la ukoo hata halitumiki, ni la mtoto, la baba na la babu. Rais Samia Suluhu Hassan, huyo Suluhu ni baba yake. Kwa hiyo anza na jina la Elia kabla hujafika kwa Massawe.

Sasa sauti. Sema "Vanessa Massawe" haraka mara tano, usikie "nessa" na "massa" zinavyokanyagana. Melissa ndiyo zaidi: Me na Ma mwanzoni, kisha "ssa" inajirudia. Wapo wanaosema kosa ni majina kuwa na urefu mmoja. Mimi sikubali. Chukua Jakaya Mrisho Kikwete: silabi tatu, tatu, tatu, mkazo kila mara uko katikati, na bado linapendeza kutamka. Irabu zake zinabadilika, la kwanza ni a tupu, la pili i na o, la mwisho i na e. Kinachochosha sikio ni silabi ileile kurudi karibu mno.

Halafu jina hilo na wewe utaitwa nalo, pengine miaka thelathini. Jaribu "Mama Vanessa", jaribu "Mama Judith". Jirani yetu ni Mama Amani, na mtu akimwita kwa mbali husikika "Mamamani". Muombe Elia atoke nje jioni aliite kila jina kama anamwita mtoto aje kula. Lile ambalo halimkwami, libakizeni.

Kura yangu ni Judith Elia Massawe. Mama mkwe kapatia, na Vanessa anaweza kubaki jina la nyumbani kama unalipenda sana.

Ila liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa uende nalo hospitali. Mtoto wetu wa pili ni Joel. Mimi nilimtajia muuguzi kwa mdomo, kwenye tangazo la kizazi akaandika Yoeli, shuleni tukaandikisha Joel, na kulinganisha vyeti kulitugharimu hati ya kiapo na safari nyingi. Una siku 90 za kusajili kizazi kwa wakati, kwa hiyo msikimbilie. Hakikisheni tu kama ni Judith au Judithi, na tangu siku ya kwanza liwe hilohilo kila mahali.