Kwa wadogo zangu wa Malindi mnaoitamani kazi ya zenoni

Wadogo zangu mnaosoma fizikia, kuanzia Pwani University hapo Kilifi hadi mlioko mbali, karibu nyote huniuliza mambo mawili: maada ya giza (ile isiyoonekana inayodhaniwa kuujaza ulimwengu) itapatikana lini, na mtu wa Malindi aingie vipi kwenye kazi hiyo. La kwanza halina wa kulijibu leo. La pili nitalijibu, ila mjue mapema kuwa jibu lenyewe lina pampu na vali nyingi kuliko nyota.

Kigunduzi chenyewe, kinachoisaka maada hiyo kwa zenoni, kinaelezeka upesi. Zenoni ni gesi iliyomo hewani kwa uchache sana, haifiki sehemu moja katika milioni kumi. Ikipozwa sana inakuwa kimiminika kizito, lita moja karibu kilo tatu. Chembe ikigonga atomu humo ndani, hutokea mmweko mdogo wa urujuanimno, na elektroni kadhaa hung'oka. Mmweko hunaswa papo hapo na mirija ya kukuza mwanga. Elektroni huvutwa juu na uga wa umeme, kwa kawaida kiasi cha milimita moja na nusu kwa kila maikrosekunde, zikafika juu na kuchomolewa kuingia kwenye gesi, ambako hutoa mmweko wa pili ulio mkubwa zaidi. Wa kwanza huitwa S1, wa pili S2. Muda kati yao unakupa kina cha tukio. Uwiano wao unakwambia kama kilichogongwa ni kiini cha atomu au elektroni zake. Vigunduzi vikubwa vya leo, XENONnT chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia na LZ kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, hubeba tani 8.6 na tani 10 za zenoni. Mtakachoanza nacho nyinyi kitakuwa na kilo chache tu, na hilo ni jema, kwa sababu kidogo ndicho kinachofundisha mikono.

Tuanze na baridi. Kwa shinikizo la kawaida la hewa, zenoni huganda nyuzi 112 chini ya sifuri na huchemka nyuzi 108 chini ya sifuri. Nafasi yako ni nyuzi nne! Ndiyo maana huwekwa kwenye shinikizo karibu maradufu ya hewa, kiwango cha kuchemka kipande, nawe upate pa kupumulia. Nitrojeni ya maji, yaani iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, iko nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikigusa bomba la zenoni bila kihita cha kusawazisha, zenoni inaganda na bomba linaziba.

Upande wa pili wa shilingi ni joto. Lita moja ya zenoni ikichemka yote hutoa gesi ya zaidi ya lita 500. Sisi tuliokulia Malindi hatuhitaji kufundishwa stima kupotea, kwa hiyo mkiingia maabara yoyote ulizeni bila haya: stima zikipotea saa nane za usiku, gesi inakwenda wapi? Pazuri watakuonyesha upozaji wa akiba usiohitaji umeme, tangi la kuipokea gesi, na simu ya nani italia. Ukijibiwa kuwa stima huku hazipotei, kaa nao kwa tahadhari.

Kazi mtakayopewa mapema ni kurudisha gesi kwenye chupa, na ningependa muifanye sawasawa. Chupa tupu ya chuma, iliyokwisha kuvutwa ombwe, inatumbukizwa kwenye pipa la nitrojeni ya maji. Unafungua vali robo ya mzunguko. Hakuna pampu inayosukuma chochote. Zenoni inakimbilia humo yenyewe na kuganda kwenye kuta za chupa. Sindano ya geji inateremka, shingo ya chupa inaota ukungu mweupe, na mizani inapanda. Mizani hiyo ndiyo ya kukodolea macho. Maadamu chupa iko baridi, geji itakwambia kila kitu ni shwari hata ukijaza kupita kiasi, kisha chupa inarudi kwenye joto la chumba na yote iliyoganda inageuka gesi. Andika uzito kabla, andika uzito baada, na ujue kikomo cha chupa kabla ya kuigusa vali. Na kengele ya oksijeni ikilia chumbani, toka nje. Maswali yataulizwa uwanjani. Nitrojeni inayofuka hufukuza hewa na haina harufu ya kukuonya.

Usafi nao ni kazi ya kutwa. Elektroni zinazosafiri kwenda juu humezwa na oksijeni na uchafu mwingine, hata ukiwa sehemu moja tu katika bilioni. Kwa hiyo zenoni huzungushwa mfululizo kupitia kichujio chenye zirkoni ya moto. XENONnT walisafisha hadi elektroni ikaweza kudumu zaidi ya milisekunde 10, na huo ni usafi wa kutisha. Adui mkubwa ni vitu vinavyoonekana safi: alama ya kidole, glavu iliyoshika simu, ukuta wa Teflon uliowekwa kuakisi mwanga lakini ukanywa unyevu na kuutema polepole kwa muda mrefu.

Sasa nishati ndogo, ambako ndiko utamu uliko. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco hapa kwetu Ngomeni, ilipima eksirei za kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 2 hadi 20. Sisi tunasaka kwenye eneo hilo hilo na chini yake, ila ndani ya kimiminika. Tabu ni kwamba kiini cha zenoni kikisukumwa kidogo hivyo hutoa fotoni chache, na katika kila fotoni kumi mirija hunasa moja hivi. S1 inakaribia kutoweka. S2 inabaki, kwa sababu hata elektroni moja ikifika kwenye gesi huzaa fotoni za kutosha kuonekana. Wengi basi huchambua S2 peke yake, wakakubali kupoteza kina.

Hapo ndipo mgeni hudanganyika. Elektroni mojamoja hujitokeza zenyewe baada ya tukio kubwa, au hutoka kwenye nyavu za chuma zenye volti nyingi. S1 ya bahati mbaya hukutana na S2 isiyohusiana nayo, zikaonekana ndugu. Ni kusikiliza mbu huku mvua inapiga bati. Mwaka 2020 XENON1T, watangulizi wa XENONnT, walitangaza ziada ya matukio kwenye nishati za chini. Wengine wakafikiria chembe mpya kutoka juani, wengine mabaki kidogo ya tritiamu, hidrojeni yenye mionzi. Mwaka 2022 XENONnT, wakiwa na zenoni safi zaidi, hawakuiona ziada hiyo. Mwaka 2024 wao pamoja na wenzao wa kigunduzi cha PandaX-4T cha China wakaripoti dalili za kwanza za nyutrino za jua, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zikisukuma viini vya zenoni. Kwa maoni yangu tangazo la 2022 lina mafunzo mengi kwa mwanafunzi kuliko hilo la 2024. Lisomeni kwanza.

La kufanya mkiwa hapa nyumbani? Kaeni likizo moja na fundi wa friji na AC, wale wanaohudumia mahoteli ya hapa mjini na Watamu. Anajua kuvuta ombwe, kusoma geji mbili kwa pamoja, kukaza nati ya shaba isivuje na kutafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Maabara tunatafuta kwa heliamu, lakini mkono ni ule ule. Jioni fungueni kompyuta. Programu ya NEST ni ya bure na huiga jinsi zenoni inavyotoa mwanga na elektroni. Kipe kiini msukumo wa kiloelektronivolti moja, rudia mara elfu, chora idadi ya fotoni, halafu badilisha uga wa umeme uone kipi kinapungua na kipi kinaongezeka. Mkiomba nafasi ya uzamili, mchoro huo na jina la fundi wenu viwekeni kwenye ukurasa wa kwanza, maada ya giza ije baadaye.