Chai ya majani pale maji yanapochemka kwa nyuzi 95

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapo maji yanachemka yakifika nyuzi 95 hivi. Goma ni vilevile. Lubumbashi iko chini kidogo, kama mita 1,200, kwa hiyo wao wanapata 96. Hata ukiyaacha nusu saa kwenye mbabula (jiko la makaa) hayapandi tena, makala yanaisha bure. Chai nyeusi inataka maji ya 95 mpaka 100. Sisi tunaanzia pale chini kabisa, na joto lolote linalopotea njiani utalikosa kikombeni.

Linapotelea sanasana kwenye birika baridi. Birika la udongo lililolala kabatini linaweza kunyonya nyuzi 10 kwa urahisi, na maji ya 85 yanatoa chai yenye rangi lakini haina harufu. Basi sogeza birika karibu na moto. Mimina humo maji ya moto kidogo, zungusha, yamwage. Tia majani, kisha maji yakiwa bado yanatokota. Funika, zungushia kipande cha kitenge. Ukikosa birika zuri, termosi inafaa kuliko sufuria wazi, ila muda ukitimia chuja yote. Majani yakibaki ndani, saa moja baadaye hainyweki.

Majani mengi ya Kivu, na yale ya jirani Rwanda, ni ya chembechembe: mashine imeyakata, ikayasaga na kuyaviringisha. Kwa kikombe cha mililita 200 weka gramu 2 mpaka 2.5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, dakika 3. Majani marefu yaliyosokotwa ni mepesi, kwa hiyo kijiko kijae, na uyape dakika 5. Kwenye gunia utaona BP1, PF1, PD au D1. Watu hudhani ni madaraja ya ubora, kumbe ni ukubwa wa chembe. BP1 ni kubwa zaidi. D1 ni vumbi, linapita kwenye chujio la kawaida, tumia kitambaa.

Chai ikiwa nyepesi, ongeza majani, usiongeze dakika. Kosa hili ndilo linaloharibu chai nyingi kuliko yote. Harufu na rangi hutoka mapema. Ukiendelea kungoja, kinachozidi ni uchungu. Tofautisha uchungu na ukakasi. Ukakasi unabana ulimi kidogo na kuuacha safi, na chai nzuri ya milimani lazima iwe nao. Uchungu unabaki kooni. Chai ya maziwa na tangawizi ni jambo jingine: maziwa hulainisha ukakasi, kwa hiyo chembechembe unaweza kuzichemsha dakika 2 au 3 bila hofu. Majani marefu usiyafanyie hivyo, ni kutupa pesa.

Halafu maji yenyewe. Maji ya ziwa Kivu yana magadi-magadi, na ukiyapikia chai inatoka nyeusi iliyofifia, hata kama majani ni mazuri. Jaribu: dondosha matone mawili ya limau kikombeni, rangi itang'aa papo hapo na kuwa nyekundu. (Kama umeshatia maziwa, usijaribu, yatakatika.) Maji ya chemchemi ni bora zaidi. Ya robine (bomba) yakinuka klori, yaache usiku kucha kwenye chombo kipana kisichofunikwa kwa kifuniko kizito, kitambaa tu.

Sokoni, omba kushika majani kabla ya kulipa. Yabane kati ya vidole viwili: makavu yanavunjika, yenye unyevu yanapinda, na hayo yataota ukungu. Yanuse pia. Majani ya chai hunyonya harufu ya kila jirani yake, na mama muuzaji akiwa ameyapanga kando ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, utakunywa sambaza. Nyumbani yahamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, mbali na kitunguu na jiko.