Tovuti ya kanga: watu wanaingia, hawaagizi

Dada yangu, umesema tovuti yako ya kanga ina miezi mitatu, watu wanaingia, wanatazama, wanaondoka bila kuagiza. Nimeifungua kwa simu. Picha ya kwanza ilichelewa mno. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa. Zipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kabla ya kuzipandisha. Mteja wako anatumia bando, na kila megabaiti anailipia.

Ila kilichoniuma zaidi ni kanga zenyewe. Umezipiga zikiwa zimekunjwa! Mnunuzi wa kanga anataka kuona pindo, mji (sehemu ya katikati), na zaidi ya yote jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Tandaza doti karibu na dirisha asubuhi, piga picha ya kanga nzima, kisha sogea upige jina mpaka lisomeke. Halafu liandike kwa maandishi chini ya picha, ili anayelitafuta Google kwa maneno yaleyale, pengine apate ya kumtunza wifi yake, aangukie kwako.

Bei weka wazi. “Bei njoo inbox” inafukuza watu, nami ni mmoja wao. Andika pia gharama ya kutuma mzigo mikoani kwa basi na siku utakapofika. Kwenye lipa namba, taja jina litakalotokea mteja akilipa, asihofu kutapeliwa. Kitufe cha WhatsApp kikae chini, kidole gumba kinapofika.

Anza na picha wiki hii. Rangi za ukurasa zinaweza kusubiri.