Kuwaonyesha wanafunzi kazi za sanaa: msianze na mastaa

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza, pole na majukumu kwanza. Kwa wakuu ambao hawajasoma swali lake: yuko shule ya kata, ana wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu kama ishirini hivi wanaopenda mambo ya sanaa, shule haina mwalimu wa somo hilo, wazazi wanamwambia anawafundisha watoto uhuni, na ana dogo mmoja anachora mpaka kwenye kipindi cha hesabu. Anataka kujua awaonyesheje kama huko kuna kazi kweli au ni ndoto tu.

Mi nafundisha Kiswahili huku Temeke na klabu ya sanaa ya shule niko nayo mwaka wa nane sasa. Sikusomea sanaa, nilibambikiwa kwenye kikao cha walimu sababu nilikuwa mgeni na ndo mtu pekee niliyekaa kimya hahaha. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyejifunza kwa kuharibu.

Kuharibu kwenyewe kulikuwa hivi. Mwaka wa kwanza nikaona dawa ni kuwaletea staa. Nikahangaika wee, nikampata msanii mmoja anayejulikana kiasi, jina nilihifadhi. Tulikubaliana saa tano akaja saa tisa, watoto wamekaa juani wanamsubiri kama mbunge, akashuka na miwani, akaimba viitikio viwili simu ikiwa imechomekwa kwenye spika ya mstarini, halafu akawaambia yeye shule haikumsaidia kitu, kikubwa ni kupambana. Makofi yakapigwa utadhani harusi. Mwezi haujaisha nina wavulana watatu hawaonekani darasani, wanashinda studio moja ya mtaani wanasubiri zamu ya kurekodi kwa mkopo. Wawili tuliwarudisha, mmoja mpaka leo sijui yuko wapi. Mkuu wa shule aliniita ofisini nikatoka nimelowa jasho, na alikuwa na haki yake.

Nilichokosea nilikuja kukiona miaka miwili baadae nikiwa Zanzibar. Kuna jamaa yangu alinialika Sauti za Busara, lile tamasha la kila Februari lililoanza 2004, pale Ngome Kongwe. Mi si mtu wa kuruka ruka mbele ya jukwaa, nikakaa pembeni na urojo wangu nikaanza kuhesabu watu wanaofanya kazi. Wa taa. Wa saundi wawili, mmoja huku mbele kwenye mikisa na mwingine kule pembeni anahakikisha wanamuziki wanajisikia wenyewe. Vijana wa kutoa ngoma na kuingiza magita kati ya bendi na bendi, na wana dakika chache tu za kufanya hivyo. Mpiga picha, wa video, mshereheshaji, anayemtafsiria mshereheshaji, wa tiketi, wa kupokea wageni bandarini, mwandishi wa habari, mama wa vitenge aliyepewa kibanda, na mtu mmoja ameshika faili anazunguka nalo kila mahali hana raha, huyo nikaambiwa ndo anashughulika na mikataba na ratiba. Nilivuka thelathini nikaacha kuhesabu. Jukwaani muda huo walikuwa watu saba.

Nikajiambia, mi nimekuwa nawaonyesha watoto hawa saba tu, tena mmoja wao, yule wa katikati mwenye maiki.

Na kesho yake asubuhi nikapita hapo hapo jirani, Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Niliporudi shule nikawapa klabu swali moja tu: jumba lile likitaka kusimama tena, nani anahitajika? Walianza na "mainjinia" wakanyamaza. Tukasogea taratibu, nani anajua kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nani anajua boriti, nani anachonga milango ile, nani anajua jumba lilikuwaje zamani ili lisije likajengwa kama gesti ya Sinza, nani anatunza vitu vilivyokuwa ndani, nani anaandika barua ya kuomba hela. Mtoto mmoja ambaye baba yake ni fundi ujenzi hakuwahi kufungua mdomo kwenye klabu, siku hiyo aliongea dakika ishirini kuhusu chokaa. Sikujua kabisa kama anayajua yale.

Basi ushauri wangu ni huo, mwalimu, wapeleke kwenye kazi na usiwapeleke kwa jina.

Ila kabla hujatoka nao nje ya geti fanya kwanza jambo la khanga. Hili ni langu, linagharimu karatasi za manila na penseli za rangi tu. Unawagawa makundi ya watu watano watano, kila kundi litengeneze khanga moja: pindo la pembeni, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno yake. Wiki ya kwanza wanachora, ya pili wanabishana jina (hapa mwalimu wa Kiswahili unafaidi, maana watoto wanaleta mafumbo ya mtaani unabaki kucheka), ya tatu wanawaendea kina mama jirani na shule kuwauliza wangenunua au la na kwa nini. Wewe usifundishe, kaa uangalie. Mwisho wa wiki ya tatu unajua nani mchoraji, nani mwenye maneno, nani anaweza kuongea na mteja hata akimkataa, na nani aliyekuwa anakimbizana na wenzake wamalize kwa wakati. Huyo wa mwisho wengi hatumuoni maana hachori wala haimbi, na ndo mtu ambaye kila bendi na kila kikundi cha maigizo kinamlilia.

Baada ya hapo ndo matembezi. Kwetu Dar tuna bahati, nauli ya daladala inatosha. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, watoto watakimbilia fuvu la Zinjanthropus na yale magari ya zamani, waache wakimbilie, lakini andika barua mapema uombe waonane na watumishi wa ndani. Sisi tulikutana na mhifadhi aliyekuwa anasafisha ngoma ya zamani kwa brashi ndogo kama ya kupigia rangi kucha, akatuelezea wadudu wanavyokula ngozi na hewa ya bahari inavyoharibu vitu, na kwamba kila kitu kina namba yake na kadi yake. Kuna binti alimuuliza "kwa hiyo wewe ni daktari wa vitu?" Yule dada akacheka akasema ndiyo, andika hivyo hivyo. Binti anasoma akiolojia na urithi pale Mlimani sasa hivi. Kabla ya siku ile alikuwa hajui kama duniani kuna kazi hiyo, na mimi pia, tuseme ukweli.

Kwa Tingatinga Oysterbay tulienda mara tatu. Hapo kuna somo la historia zuri, mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60 kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya bodi, akafariki 1972, na mtindo ukabaki kwa vijana aliowafundisha mpaka ikawa ushirika, mpaka leo mtu anaingia anakaa chini ya mkubwa wake anajaza rangi za nyuma kwanza kabla hajaruhusiwa kuchora tembo. Lakini kilichowagusa wanafunzi wangu ni hesabu. Mchoraji mmoja alikubali kufungua daftari. Picha kaiuza elfu themanini, rangi na kitambaa vimekula kama elfu ishirini, kakaa nayo siku mbili, na kuna wiki hauzi kitu. Hakuficha. Mtoto mmoja akapiga hesabu ya mwezi papo hapo akamuuliza kwa hiyo msimu wa watalii ukiisha unaishije, akajibiwa kwamba anaandika mabango ya maduka na anachora kuta za shule za chekechea. Yule mchoraji alijibu vizuri kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Kwa hiyo kila tunapoenda watoto wana maswali manne na hawaruhusiwi kurudi bila majibu: jana ulifanya nini toka asubuhi mpaka usiku, hela inatoka kwa nani, ulijifunzia wapi, na kitu gani kinakuchosha. Hilo la nne ndo tamu. Mchonga vinyago mmoja Mwenge aliwaonyesha mikono yake akawaambia mpingo hauna huruma. Fundi mitambo akasema usingizi. Dada anayeshona mavazi ya maigizo akasema kudai hela, kushona si tatizo.

Bagamoyo ukipata uwezo wa kukodi Coaster wapeleke TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni kama kilometa sabini tu toka mjini. Chuo kipo toka 1981. Usiende siku ya tamasha na watoto wengi, utawapoteza kwenye kelele, nenda siku ya kawaida waone wenzao wanarudia hatua moja ya ngoma mara hamsini mwalimu anakataa. Waombe wawaonyeshe na upande wa ufundi wa jukwaa, taa na saundi. Wangu mmoja alikuwa mvulana mkimya wa kubeba spika kwenye mahafali, alirudi toka kule na kijidaftari kimejaa michoro ya nyaya. Ndo kazi yake siku hizi, anafunga mitambo kwenye makanisa na harusi, na Desemba humpati kwenye simu.

Sasa wazazi. Usiwaite kikao uwahubirie umuhimu wa utamaduni, utabaki na viti. Neno "uhuni" wanalosema maana yake ni swali, huyu mtoto atakula nini, na swali la hela linajibiwa na hela. Sisi tuliwaita siku ambayo wanafunzi wenyewe walisimama kusoma majibu ya yale maswali manne, pamoja na ile hesabu ya elfu themanini na wiki za kukosa. Kuna baba mmoja dereva wa bodaboda, mkali kweli, alikuwa amekuja kumtoa binti yake kwenye klabu. Akasikiliza mpaka mwisho akasema "kumbe na wao wana siku za hasara kama sisi", akakaa. Nadhani ule ukweli wa hasara ndo uliomlainisha, tungeleta hadithi za magari na majumba angeondoka na mtoto wake.

Na uwaambie wazi kwamba klabu haichukui nafasi ya mtihani. Kwa ngazi ya cheti vyuo vinataka ufaulu wa kidato cha nne, kwa kawaida D nne na masomo ya dini hayahesabiwi, kwa hiyo ukipata ziro kipaji chako kitakusindikiza mpaka getini tu. Hapa ndo nawabana watoto kuliko mwalimu wa nidhamu. Anayetaka kuendelea mbele kuna Idara ya Sanaa Bunifu pale UDSM, kuna digrii ya muziki Makumira kule Arusha, na kwa muziki wa mwambao, udi, ganuni na taarabu, kuna chuo cha DCMA Zanzibar kilichoanza 2002. Tahasusi mpya za 2024 nazo zina kundi la sanaa, ila uliza kwanza ni shule gani zinazifundisha kweli kabla mtoto hajajaza fomu, usije ukampa matumaini ya karatasi. Kiswahili na Kiingereza wasivibeze, anayejua kuandika muhtasari wa mchezo au barua ya mradi hakai njaa.

Mambo ya haki nawapa kipindi kimoja tu, COSOTA, wale wa hakimiliki, ni nini, mirabaha, yaani malipo ya msanii kazi yake ikitumika, ni nini, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wanasajili nini, na kwamba mkataba unasomwa kabla ya kusainiwa hata kama aliyeuleta ni mjomba. Inachosha lakini wale wawili waliorudi toka studio ndo waliokuwa wanakaa mbele siku hiyo.

Vibali usisahau: mkuu wa shule, afisa elimu, na barua ya mzazi yenye sahihi, na watoto wa kike mwalimu wa kike awepo kila safari. Studio za mtaani mi sipeleki kabisa, namleta prodyuza shuleni na laptopu yake mchana kweupe.

Nimebakiza dogo wako wa hesabu. Usimnyang'anye daftari. Mahafali yanakuja, mpe kazi ya kuchora pazia la nyuma ya jukwaa, lakini mpe kama fundi: akuletee kwanza orodha ya vifaa na bei, mkubaliane tarehe, akichelewa umkate hela. Na umlipe, hata elfu kumi ya mfukoni mwako, halafu umwambie akuandikie risiti. Wa kwangu alikaa nusu saa hajui aandike nini kwenye sehemu ya "kwa ajili ya".