Maswali na Majibu: Nani atapanda jukwaani Prague?

Tangu usiku ule wa Ijumaa, tarehe 13 Februari 2026, wanaume walipomaliza shindano lao la kuteleza kwa sanaa kwenye Olimpiki ya baridi kule Milan, maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyozoea. Mengine yaliingia saa za daku, na waulizaji wanaonekana hawakulala kama mimi nisivyolala. Mashindano ya dunia ya kuteleza kwa sanaa barafuni yanafanyika Prague wiki ya mwisho ya Machi, Idi ikiwa imeshapita, kwa hivyo bado tuna nafasi ya kuongea. Nimechagua saba, yote ya upande wa wanaume.

Ulituambia Ilia Malinin wa Marekani hana mpinzani. Tukakuamini, tukabishana barazani mpaka tukanuniana na watu. Milan akamaliza wa nane! Utabiri wako una faida gani? – Msomaji, Kisauni

Ndugu yangu, una haki ya kuuliza na mimi nina deni la kujibu. Nilikosea. Lakini natamani tuelewane nilikosea wapi.

Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Malinin alikuwa bingwa wa dunia 2024 kule Montreal, akarudia 2025 kule Boston na kumwacha wa pili kwa pointi 31. Ndiye mtu wa kwanza kutua akseli ya mizunguko minne mashindanoni, Septemba 2022, akiwa na miaka 17. Akseli huingiwa mtu akitazama mbele na kutuliwa akirudi nyuma, kwa hivyo ukisema minne, ujue ni minne na nusu. Kila mtu huteleza mara mbili, programu fupi kwanza kisha ndefu, na pointi zinajumlishwa. Milan programu fupi ilipomalizika yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Mtu mwenye karatasi kama hiyo ungemtabiria nini?

Nilichokisahau ni hali ya mtu mruko mmoja unapomharibikia. Kwenye programu ndefu akseli ile ilimfunguka hewani, ikatoka mzunguko mmoja. Kuanzia hapo kijana wa miaka 21, aliyezoea kutua kila kitu, akawa anapambana na programu aliyoijua kwa moyo kana kwamba kapewa asubuhi ile. Akaanguka mara mbili. Niliumia kumtazama, na sioni haya kusema hivyo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kutabiri. Zamani nilianza na mruko mkubwa kabisa wa mtu. Sasa naanza na swali hili: akiharibu wa kwanza, wa pili anauruka vipi? Mtazame Nathan Chen, Mmarekani mwenzake. Pyeongchang 2018 programu fupi ilimtupa nafasi ya 17. Kesho yake akashinda programu ndefu kuliko wote, akapanda hadi wa tano. Mwezi uliofuata akawa bingwa wa dunia, tena katika mji huohuo wa Milan, na Beijing 2022 akavaa dhahabu ya Olimpiki. Waliomfuta 2018 walikuwa wamemfuta mtu aliyeshaonyesha, ndani ya usiku mmoja, kwamba anajua kuinuka.

Kwa Malinin bado hatujaona hilo. Prague ndipo tutakapoliona.

Majaji wanahesabu vipi? Naona mtu kaanguka na bado kamshinda aliyesimama wima muda wote. – Mama wa watoto watatu, Majengo

Mama, swali lako ndilo lenye ufunguo wa utabiri wote, kwa hivyo niwie radhi nikilirefusha.

Kila mruko una bei yake kabla mtu hajagusa barafu. Lutzi, aina nyingine ya mruko, ikiwa ya mizunguko mitatu ni pointi 5.90. Lutzi ya mizunguko minne ni 11.50. Majaji tisa hutazama ulivyotekelezwa na kila mmoja huweka alama kuanzia -5 hadi +5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki zinatafutiwa wastani. Kila alama moja huongeza au kupunguza sehemu moja ya kumi ya bei.

Sasa chukua kalamu. Kijana anaruka lutzi ya minne, mizunguko inatimia, lakini anaanguka. Anapewa -5, bei inabaki nusu: 5.75. Anakatwa 1 nyingine kwa kuanguka: 4.75. Mwenzake anaruka ya mitatu, anatua vizuri, anapewa +3: 7.67. Mpaka hapo aliyesimama amemshinda aliyeanguka, kama unavyotaka. Lakini yule wa kwanza siku akiitua ya minne kwa uzuri uleule wa +3, anapata 14.95. Piga hesabu utaona: akiitua mara tatu tu katika kumi na kuanguka zile saba, wastani wake ni 7.81. Tayari amempita yule asiyeanguka kamwe. Ndiyo sababu wanajirusha, mama, hawajitakii makuu. Na ndiyo sababu Yuzuru Hanyu wa Japani alianguka mara mbili kwenye programu ndefu Sochi 2014 na bado akarudi nyumbani na dhahabu.

Balaa lenyewe si kuanguka. Balaa ni kufunguka hewani, pale mwili unapoogopa katikati ya safari na mikono ikaachia. Akseli ya minne bei yake ni 12.50. Ukiizungusha yote ukaanguka, unabaki na 5.25. Ukifunguka ukatua na mzunguko mmoja, bei ni 1.10. Mtu aliyetua kwa miguu yake amepata kidogo kuliko aliyelala chini! Hapo ndipo dhahabu ya Milan ilipomponyoka Malinin, na nyumba nyingi zilizokuwa zikitazama zilidhani kilichommaliza ni kule kuanguka mara mbili.

Upande wa pili wa karatasi ni sanaa: mpangilio wa programu, namna mtu anavyoiwasilisha, na ustadi wa kuteleza kwenyewe. Katika programu ndefu upande huo una karibu pointi 100. Ukitaka kumjua mwenye ustadi, zima sauti na utazame magoti na vifundo vya miguu. Asiyejua husukuma mara nyingi ili apate kasi. Anayejua huinama kidogo tu na kasi inakuja, kama nahodha aliyeuelewa upepo.

Mtu asiyeruka mizunguko minne anaweza kupata medali? – Msomaji, Changamwe

Leo hapana. Mara ya mwisho kwa dhahabu ya Olimpiki ilikuwa Vancouver 2010, Mmarekani Evan Lysacek alipomshinda Mrusi Yevgeny Plushenko kwa pointi 1.31 bila hata mruko mmoja wa aina hiyo. Baada ya hapo bei za miruko hiyo zilipanda na vijana wakazifuata.

Nikiona mtu amekuwa wa kumi siku ya kwanza, si nimfute tu? – Msomaji, Bamburi

Usimfute, hasa kama ni Adam Siao Him Fa. Yeye ni Mfaransa, lakini wazazi wake wametoka Mauritius, kisiwa cha bahari hii yetu, na nakiri kwamba mimi humshangilia kwa sababu hiyo pia. Montreal 2024 programu fupi ilimwacha nafasi ya 19. Wanaoendelea kwenye programu ndefu ni 24, kwa hivyo alibakiza kidogo afungiwe nje. Akarudi akateleza kama mtu asiye na cha kupoteza, akapanda watu 16 na kuchukua shaba. Katikati yake alipiga sarakasi ya kujipindua kinyumenyume, ambayo wakati huo ilikuwa marufuku, akakatwa pointi 2 na bado akafika jukwaani. Wenye umri wangu wanamkumbuka Surya Bonaly, Mfaransa mwenzake, aliyeifanya sarakasi hiyo Nagano 1998 na kutua kwa mguu mmoja. Kuanzia msimu wa 2024/25 imeruhusiwa.

Programu fupi ni kama theluthi moja tu ya pointi zote. Mtu akiwa nyuma kwa pointi 10 hadi 15, na karatasi yake ya programu ndefu ina miruko minne au mitano ya mizunguko minne, mwachie jina lake. Akiwa nyuma kwa 25, omba muujiza.

Yule Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan alipata dhahabu kwa bahati, ama? – Msomaji, Tudor

Hapana bwana, na neno hilo naomba tuliache kabisa. Alikuwa wa tano baada ya programu fupi, ni kweli, na walio mbele yake walikosea. Lakini wewe angalia nyuma. Boston 2025 alikuwa wa pili duniani. Mwaka kabla ya hapo, 2024, alikuwa mtu wa kwanza mashindanoni kuanza na akseli ya mizunguko mitatu na kuiunganisha na salkowi, mruko wa aina nyingine, ya minne ndani ya pumzi moja. Kocha wake ni Alexei Urmanov, bingwa wa Olimpiki wa 1994. Karatasi ilikuwa mezani siku zote, sisi hatukuifungua kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwa mtu mmoja. Kosa hilo ni langu pia.

Kwa watu wa Kazakhstan ile dhahabu ina uzito mwingine. Denis Ten, aliyewapatia shaba Sochi 2014, aliuawa kwa kisu mjini Almaty Julai 2018, akiwa na miaka 25. Shaidorov ni kijana wa mji huohuo.

Mwanangu ana miaka tisa, anateleza na viatu vya magurudumu pale Mama Ngina na ameanza kujizungusha hewani. Kuna tumaini lolote la barafu kwa mtoto wa Mombasa? – Baba wa Likoni

Baba, nitakujibu kwa ukweli kwa sababu ni mtoto. Mombasa barafu yetu ni ya samaki na ya maji ya ukwaju. Nairobi walijenga uwanja wa barafu hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mwaka 2005, lakini ni mdogo sana ukilinganisha na wa mashindano. Na ili mtu aingie mashindano ya dunia lazima kwanza afikishe pointi za chini zilizowekwa, na awe ametimiza miaka 17.

Hata hivyo, usimvue viatu. Kuteleza kwa sanaa kwa magurudumu ni mchezo kamili wenye mashindano yake ya dunia, na miruko ni ileile: akseli, lutzi, salkowi, bila tone la barafu. Mtafutie sakafu laini, kofia ngumu, na mtu wa kumfundisha kuanguka kabla ya kumfundisha kuruka. Philip Boit alikuwa mkimbiaji tu wa mbio za kati kabla hajawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 za theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri kwenye mstari amkumbatie. Sabrina Simader akatuwakilisha 2018. Mlango huo umeshafunguliwa na watu wa kwetu.

Acha maelezo. Tupe majina matatu ya Prague. – Vijana wa baraza, Mji wa Kale

Haya wanangu. Lakini kwanza subirini orodha ya washiriki. Baada ya Olimpiki wengi huwa wamechoka au wameumia. Mwaka 2022 Chen na Hanyu hawakwenda Montpellier, na Mjapani Shoma Uno akachukua taji lake la kwanza la dunia. Atakayetabiri leo bila kuangalia nani amejiandikisha anatabiri mashindano ya kichwani mwake.

Wakija wote, nasema hivi. Fedha ni ya Yuma Kagiyama wa Japani, na hili ndilo jina ninaloliandika kwa kalamu ya wino. Tangu 2021 hajawahi kwenda mashindano ya dunia akarudi mikono mitupu: fedha tatu na shaba moja, na juu yake fedha mbili za Olimpiki za mtu mmoja mmoja, Beijing na Milan. Boston programu ndefu ilimharibikia vibaya na bado akatoka na shaba, kwa sababu ustadi wake wa kuteleza humlipa hata siku miruko inapomkataa.

Shaba naiweka kati ya Shun Sato, Mjapani aliyeichukua Milan, na Siao Him Fa. Moyo wangu mnaujua uko wapi, ila mkinibana nitasema Sato, maana huanguka mara chache. Shaidorov akija na miguu mizima, mmoja kati ya hawa atampisha.

Dhahabu bado namwandikia Malinin. Hata akipunguza miruko miwili hesabu yake inawazidi wote, na sasa anajua ladha ya kile ambacho hakuwahi kukionja. Prague iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hivyo hamna haja ya kukesha. Akianza vibaya, msizime simu. Mtazameni kwenye mruko wa pili, kisha mniandikie mlichokiona.