Nikikwama na LibreOffice nimpigie nani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina steshenari huku Dodoma Makulu, kompyuta zangu zote zina Ubuntu (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (programu ya bure badala ya Word) maana leseni za kununua siziwezi. Shida, wanachuo wa UDOM wakileta ripoti za Word kwenye flashi nikifungua kurasa zinahama, mteja ananuna anaenda duka la pili. Hii programu ya bure mtu ukikwama unampigia nani?
Mama Steshenari, Makulu

JIBU: Salama dada. Tuanze na kurasa maana ndo zinakukosesha hela. Ripoti nyingi zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, hizo fonti (aina za herufi) ni za Microsoft na Ubuntu haiji nazo, kwa hiyo LibreOffice inaweka nyingine, upana wa herufi ukitofautiana tu basi mistari yote inasogea. Angalia kama una Carlito na Caladea, kama huna ziweke, ni za bure na upana wake ni uleule wa hizo mbili. Ikiwa ni fonti ya Aptos ya Word mpya, mwambie mteja alete PDF tu.

Sasa nani wa kumpigia. LibreOffice iko chini ya The Document Foundation ya Berlin na wenyewe hawauzi saporti, so ukikuta namba mtandaoni inajiita huduma kwa wateja wa LibreOffice halafu jamaa anataka aingie kwenye mashine yako akiwa huko huko, kata simu dada, huyo ni tapeli. Pa kwenda ni tovuti ya maswali ya Ask LibreOffice, na kwa Ubuntu yenyewe Ask Ubuntu, kuuliza ni bure. Wanaojibu wengi wanajitolea tu, ukiandika "haifanyi kazi nisaidieni haraka" watakupita. Sema toleo gani (bonyeza Help kisha About LibreOffice utaliona), ulifanya nini, ikatokea nini. Kiingereza cha sentensi fupi kinatosha kabisa. Ikionekana kosa ni la programu, ripoti kwenye Bugzilla yao (tovuti ya kupokea makosa ya programu) uweke na faili la mfano, ila nakuomba sana usipandishe ripoti ya mteja ina jina na namba ya usajili, tengeneza nyingine ya kuonyeshea.

Halafu hapo UDOM kuna vijana wa CIVE, kitivo chao cha kompyuta, hukosi anayeijua Linux (Ubuntu ni aina yake), mlipe aje akuwekee fonti mashine zote na akuandikie kwenye daftari alichofanya.