Grafu Itambulike Kabla ya Kuchorwa

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akipewa y = x² − 2x − 3 atajaza jedwali la thamani, atatia nukta kwenye karatasi ya grafu, ataziunganisha, na mara nyingi atapata alama zote. Mwonyeshe mchoro huohuo ukiwa hauna namba, umuulize ni wa mlinganyo wa aina gani, naye atanyamaza. Nimefundisha hisabati katika shule za kutwa za Eastlands hapa Nairobi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kimya hicho hakitokani na uvivu wala uzito wa akili. Kinatokana na mpangilio wa somo: jedwali hutangulia, umbo huja mwisho, na hakuna anayemuuliza mwanafunzi y inafanya nini x inapoongezeka. Ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu ni kuugeuza mpangilio huo, ili tabia ya fankisheni, yaani uhusiano ambao kila x ina y moja tu, ijulikane kwanza kwa miguu, kwa mikono na kwa maneno, kisha jedwali lije kuithibitisha.

Anza uwanjani. Chora mihimili miwili kwa chaki kwenye uwanja wa paredi, uwasimamishe wanafunzi tisa kwenye mhimili wa x kuanzia −4 hadi 4, wakiachana hatua moja moja. Wengine watazame kutoka kwenye varanda ya ghorofa ikiwa shule inayo, kwa sababu umbo huonekana vizuri zaidi kutoka juu. Kwa y = x, walio upande wa hasi wanarudi nyuma, walio upande wa chanya wanasonga mbele, na mstari mnyoofu unajitokeza bila maelezo mengi. Kwa y = x² mambo ni tofauti. Aliye kwenye 0 habanduki. Jirani zake wanapiga hatua moja, wanaofuata nne, kisha tisa, na wale wa mwisho 16, wakiwa mbali kabisa na wenzao.

Hapo usiharakishe. Waulize walio upande wa chanya kila mmoja amemzidi jirani yake kwa hatua ngapi, nao watahesabu 1, 3, 5, 7. Kwenye mstari mnyoofu ziada ilikuwa ileile kila mara, lakini hapa ziada yenyewe inakua, na huo ndio mkunjo wa parabola, jina la umbo hili la y = x². Aliyeona kwamba aliye kwenye 1 alisogea kidogo tu hataunganisha tena sehemu ya chini ya parabola kwa rula ikawa na ncha kali, kosa ambalo kila msahihishaji amelikuta kwenye daftari za wanafunzi.

Baadaye waambie wajiandae kwa y = (x − 2)², lakini kabla hawajasogea wabashiri sehemu ya chini itahamia wapi. Wengi watasema kushoto, kwa sababu wameona alama ya kutoa. Waache watembee. Aliye kwenye −2 atajikuta akipiga hatua 16, na aliye kwenye 2 atagundua kwamba hana pa kwenda. Usieleze chochote mpaka huyo wa 2 aseme mwenyewe kwa nini hakusogea. Darasa litayakumbuka maneno ya mwenzao kuliko kanuni yoyote utakayoiandika ubaoni.

Zoezi la pili linafaa hata darasa la wanafunzi 50 lisilo na nafasi ya kusogeza madawati, na linatosha katika kipindi cha dakika 40. Wanafunzi wawili wanapeana mgongo. Mmoja ana kadi yenye grafu na anaieleza bila kutaja jina lake wala kuichora hewani, na mwenzake anachora anachosikia. Mwanzoni maelezo huwa hafifu: “Inashuka, halafu inapanda.” Mchoro unaotokana nayo huwa herufi V. Ndipo maswali yanapozaliwa: inashuka kwa kasi ileile? Inaukata mhimili wa y wapi? Inaufikia mhimili wa x, au inaukaribia tu bila kuugusa? Yaandike maswali hayo ubaoni kama walivyoyauliza, hata kama ni kwa Sheng, kwa kuwa ndiyo maswali mtaalamu hujiuliza anapoitazama grafu ngeni. Lugha ya mtihani itafuata.

Kwa y = 24/x ninapenda makasi. Kila kundi linakata mistatili yenye miraba 24 kutoka kwenye karatasi ya grafu: 1 kwa 24, 2 kwa 12, 3 kwa 8, 4 kwa 6, na kinyume chake. Yote inapangwa kona moja ikiwa kwenye kitovu cha mihimili, kisha kona za mkabala zinatiwa nukta na kuunganishwa. Swali la kwa nini mchoro haugusi mhimili wowote linajijibu: hakuna mstatili wenye eneo la 24 ambao upande wake mmoja ni sifuri.

Ada za M-Pesa nazo zina faida ambayo vitabu vya kiada huiacha. Waulize wanafunzi grafu ya ada ya kutuma pesa ina umbo gani, na wengi watachora mstari unaopanda. Wakiitazama orodha ya ada wataona ngazi: ada inakaa palepale katika kiwango kizima, kisha inaruka ghafla. Hapo maana ya fankisheni inaeleweka bila kukaririwa, kwa sababu kiasi kimoja kina ada moja tu, ingawa ada moja inaweza kuwa ya viasi vingi.

Kazi hii isipopimwa, wanafunzi wataiona kuwa mchezo na kurudi kwenye jedwali. Katika majaribio yangu, swali la kwanza lina grafu nne zisizo na namba na milinganyo mitano, mmoja ukiwa wa ziada ili asiwepo anayemaliza kwa kubahatisha kilichobaki. Kila jibu linaambatana na sentensi moja ya sababu, na sababu ina alama nyingi kuliko jibu.